Mkwe Yumo Kundini

Nilisoma hadi darasa la nne, kisha nikatolewa shuleni kwenda kulea wadogo zangu. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani anasoma maandishi ya mtu wa vitabu. Kiswahili changu nilikiokota mjini Kisii, katika duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi, ambako nilikata nguo kwa makasi miaka mingi mpaka magoti yakakataa kusimama. Ndipo nikarudi Manga, kwenye shamba langu la mteremkoni, nikakaa na ng'ombe mmoja, chai kidogo, migomba, na miti ya avokado ambayo matunda yake yalikuwa yanaanguka na kuoza, kwa sababu wanunuzi hawataki tena avokado ya kienyeji. Wanataka ile ya kuunganishwa, ya mche uliopandikizwa kijiti cha mti mzuri.

Lakini chuo kikuu kimebadilisha fomu yake kwa sababu yangu. Hilo nalo nalisema mapema, maana ni kweli, na maana linanifurahisha.

Aliyenitia katika mambo haya ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza. Anasoma mjini, na mwisho wa wiki hupanda mlima kuja kwangu. Kwetu sisi Wakisii, nyanya na mjukuu hawawekeani mipaka ya maneno. Yeye huniita mke mwenza, kwa kuwa marehemu mzee wangu alikuwa akimwita mke wake mdogo tangu akiwa mtoto wa kutambaa.

“Bwakire, mke mwenza,” huniamkia mlangoni. “Mume wetu alikuachia ng'ombe, na bado chai yako ni nyeusi?”

“Maziwa nimemfichia mke mdogo,” humjibu. “Yule mvivu anayeamka jua likiwa utosini.”

Jumamosi moja alikuja hana mzaha. Alikaa kwenye kigoda jikoni akanieleza kwamba chuo kimeanza kutengeneza kozi fupi za ufundi, za kusomwa kwa simu, kwa ajili ya watu wa kawaida walioko nje ya chuo. Zile za kwanza walimu walizitunga peke yao, na watu wakaziacha njiani. Sasa wamechagua wanafunzi sita wakae nao meza moja, wazitunge pamoja. Yeye ni mmoja wa hao sita.

“Mtakuwa mnawapikia walimu chai,” nikasema.

“La, nyanya. Tunapanga nao. Somo lianze wapi, liwe refu kiasi gani, mtu akikwama afanye nini. Neno letu linahesabiwa.”

“Na mkikosea?”

“Tukikosea hatutaitwa tena.” Akaniangalia usoni. “Tumepewa kozi moja, ya kuunganisha avokado, na muhula mmoja wa kuijaribu. Watu wakiimaliza, wanafunzi watakaa kwenye meza hiyo siku zote, kozi zote. Wakiiacha, walimu watarudi kutunga peke yao. Na kuna wanaosubiri tushindwe.”

Maneno hayo yaliniuma. Miaka yangu yote ya dukani hakuna aliyewahi kuniuliza kitambaa gani kiagizwe, ingawa mimi ndiye niliyewasikia wanawake wakivilalamikia.

“Niandike,” nikamwambia. “Na jirani umwandike.”

Jirani yangu ni nyanya mwenzangu, na Kiswahili chake kinaishia sokoni. Fomu, ambayo ilikuwa ile ya zamani ya walimu, iliuliza jina la baba. Akataja jina la mama yake bila kusita, kwa kuwa katika Ekegusii, lugha yetu, neno baba maana yake ni mama, na mzazi wa kiume ni tata.

“Huyo si ni mwanamke, nyanya?” mjukuu wangu akamwuliza.

“Ndiyo. Baba.”

“Fomu inamtaka aliyekuzaa mwanamume.”

“Mwanamume hazai. Andika.”

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Lakini moyoni nilijiambia kwamba aliyeiandika fomu hiyo hakumwuliza mtu wa hapa.

Mkuu wa kozi alikuwa mhadhiri kutoka Pwani, mwanamume mpole mwenye Kiswahili kisicho na kona. Alitaka watu wote wanaosoma wawekwe katika kundi moja kubwa la simu. Mjukuu wangu akapinga. Akasema kundi kubwa ni kelele. Watu wagawanywe kwa wadi, majirani na majirani, ili mmoja akikwama mwenzake avuke ua aje kumsaidia. Walibishana mikutano miwili, na wanafunzi wakashinda. Alinipigia simu akiwa bado anahema.

“Hilo la wadi ni langu, nyanya. Mimi ndiye niliyelisema!”

“Ngoja miche ichipue kwanza,” nikamjibu. Lakini nilitabasamu, na jirani yangu aliniona.

Somo la kwanza nililisikiliza nikichambua mboga. Lilikuwa fupi, sauti ya msichana wa chuo, na picha za mikono. Utafute mche wa kienyeji wenye unene wa kalamu, na kijiti kutoka mti mzuri, chenye macho yaliyovimba lakini hayajafunguka. Nikaelewa kila neno. Nikasema hapa kuna watu wenye akili.

Somo la pili ndilo lililokuwa na kazi yenyewe. Ukate kichwa cha mche kwa wembe, uupasue katikati, uchonge kijiti kama kabari, ukichomeke, ufunge kwa utepe wa nailoni. Wakati huo huo urekodiwe video, uso na mikono vionekane, uitume kwa kundi. Kisha utazame video ya mwenzako angalau mmoja na umwambie amekosea wapi.

Kukata najua. Lakini miche niliyokuwa nimejaribu mwaka uliotangulia ilikauka yote, na sikujua sababu, na nilimtaka sana mtu wa kunionyesha. Basi jirani yangu akashika simu, mimi nikaketi chini kwenye gunia, nikakata na kufunga, sketi imepanda magotini, kitambaa kimeteleza kichwani. Kabla ya kutuma nikafungua orodha ya watu waliomo kundini, nijue ni nani atakayeniona.

Mkwe wangu yumo. Mume wa binti yangu wa pili, anayeishi ng'ambo ya bonde, wadi yetu hiyo hiyo.

Simu niliiweka chini kama kaa la moto.

Asiye wa kwetu nitamweleza. Tuna kitu tunachokiita ensoni. Ni haya, ni heshima, na ni ukuta. Mkwe wangu simpi mkono. Hatukai kiti kimoja, hatupitani mlangoni, hatuzungumzi mambo ya mwili. Miaka yote tangu amwoe binti yangu sijawahi kumwona bila shati, naye hajawahi kuniona bila kitambaa kichwani. Na tunapendana. Siku paa langu lilipong'olewa na upepo, alifika wa kwanza na mabati, akaezeka, akaondoka bila kuinua macho. Sasa huyo ndiye nimtumie magoti yangu? Halafu anijibu mbele ya wadi nzima kwamba nimechonga vibaya? Au mimi nimwambie yeye, mwanamume mwenye nyumba, kwamba mkono wake unatetemeka?

“Tuma basi,” jirani akaniambia.

“Mkwe wangu yumo.”

Akachungulia ile orodha, akavuta pumzi. “Wangu wawili wamo.” Akaendelea kuteremsha kidole. “Na mzee wa boma la juu yumo, pamoja na mke wa mwanawe. Ai! Huyu aliyepanga alikuwa anatutega?”

Akaifuta simu yake kwa leso, akaitia mfukoni.

Kundi likanyamaza. Asubuhi mtu mmoja alituma salamu, Jumapili mwingine akatuma mstari wa Biblia, sote tukajibu amina. Juu ya avokado hakuna aliyefungua kinywa. Nilikuja kusikia baadaye kwamba upande wa Suneka na upande wa Magwagwa ilikuwa vivyo hivyo, amina na kimya.

Chuo kikatuma maswali: kwa nini umesimama somo la pili? Nikajibu mtandao mbovu. Jirani akajibu mtandao. Tulijibu mtandao sote, kana kwamba tulikuwa tumekaa tukapatana. Huwezi kumwandikia mtu usiyemjua kwamba una ensoni. Atadhani ni ugonjwa.

Na mjukuu wangu sikumwambia. Hapo nilikosea, na ni kosa langu, siligawi na mtu. Lile la wadi lilikuwa lake na alilifurahia, nami sikutaka kuwa wa kumvunja. Nilijidanganya kwamba ataligundua mwenyewe.

Muhula ulipofika katikati akaja mchana, hakuniita mke mwenza, hakuuliza chai.

“Wiki ijayo kuna mkutano,” akasema. “Wanasema watu wa vijijini hawana bidii. Kuna mwalimu anataka kozi ifungwe sasa, tusingoje mwisho wa muhula. Na sisi sita tutashukuriwa kwa mchango wetu.” Alilitamka hilo la kushukuriwa kama mtu anayesema kufukuzwa. Kisha akaniuliza, “Nyanya, wewe ulisimama kwa nini?”

“Mtandao.”

Akageuza uso dirishani. Mlingoti wa simu umesimama mwisho wa shamba langu. Ng'ombe wangu hujikuna kwenye ua wake.

“Mtandao gani huo? Hapa kwako unaweza kuuchuma ukautia kikapuni.”

Nikasogeza kuni motoni.

“Ni somo? Ni refu? Ni ile sauti ya rafiki yangu, inakera? Niambie tu, hata kama ni mbaya.”

“Mkwe wangu yumo kundini.”

“Yumo, halafu?” Na hapo akaelewa. Niliona ikimwingia. Alijifunika mdomo kwa mikono miwili, akacheka, akacheka hadi machozi, kisha kicheko kikakatika ghafla kama uzi.

“Ni mimi,” akasema. “Wadi ni mimi. Mimi Mkisii, nimelelewa kwenye nyumba hii, nimekuona ukijificha nyuma ya migomba mume wa shangazi akipita. Mbona sikufikiri?”

“Kwa sababu ulikuwa ofisini. Mtu akiingia ofisini anaacha akili za nyumbani mlangoni, pamoja na viatu vya matope.”

“Na wewe mbona hukuniambia?”

Hilo lilinipata. “Lilikuwa lako, na ulilifurahia,” nikasema. “Nilikosea.”

Sidhani alikuwa amewahi kunisikia nikisema neno hilo. Akakaa kwenye kigoda.

“Sasa watasema wanafunzi ndio walioharibu.”

“Watasema kweli. Nawe utawatangulia, uwaambie kwa mdomo wako mwenyewe kabla hawajakuambia.”

Akalia kidogo. Nilimwacha alie, kwa kuwa maziwa yalikuwa motoni na nisingeweza kutazama vitu viwili. Baadaye akapangusa uso.

“Basi na wewe uje.”

“Nije kufanya nini?”

“Kukaa mezani. Kama mwanafunzi anaweza kukaa, anayesoma kozi naye anaweza.”

Nikamwambia sina viatu. Akainama chini ya kitanda changu, akavitoa, akavipangusa, akaviweka mbele yangu.

Siku ya mkutano meza ilikuwa ndefu, na kila mtu ana chupa yake ya maji. Walimu walikuwa wanne, wanafunzi sita, na mimi mwishoni na mkoba wangu magotini. Mjukuu wangu alisimama wa kwanza.

“Makundi ya wadi lilikuwa wazo langu,” akasema. “Nililipigania. Na hilo ndilo lililowanyamazisha watu. Si mtandao, wala si uvivu. Nyanya yangu ataeleza.”

Mimi ofisi haziniogopeshi. Nimewakatia nguo wake za wakubwa, nikawaambia rangi fulani haiwafai. Nikamgeukia mwalimu mmoja mwenye mvi, Mkisii mwenzangu, aliyeniamkia kwa lugha yetu nilipoingia.

“Mwalimu, mama mkwe wako yu hai?”

“Yu hai.”

“Unaweza kumwambia mbele ya watu kwamba ameshika wembe kama jembe?”

Akavua miwani. “Yaya, magokoro,” akasema. Yaya kwetu ni hapana, na magokoro ni nyanya. “Ningehama kaunti.”

Walicheka, naye akacheka, lakini sikumwachilia. “Basi makundi ya wadi uliyakubali kwa nini?”

Akaitazama miwani yake mkononi. Naye pia alikuwa ameacha kitu mlangoni.

Nikawaeleza ensoni kama nilivyoieleza hapa, na magoti yangu nikayataja, kwa kuwa hapakuwa na mkwe wangu. Yule wa Pwani alikuwa akiandika upesi upesi.

“Kwetu pia mkwe ana heshima yake, mama,” akasema. “Lakini sikujua kwamba inafika mpaka kwenye simu.”

“Simu ina macho, ina masikio. Mbona isiwe na ensoni?”

Ndipo akasema mwalimu aliyetaka kozi ifungwe, mwanamke mkavu, kalamu yake imenyooka mbele yake. “Tumesikia na tunashukuru. Lakini hili linaonyesha kwamba wanafunzi hawakuwa tayari kwa kazi hii.”

Mjukuu wangu akainamisha kichwa. Mimi nikauliza, “Mwalimu, zile kozi mlizozitunga peke yenu, nani aliwaambia kwa nini watu walizikimbia?”

Akawatazama wenzake.

“Hakuna. Mpaka leo hamjui. Huyu amekosea, akarudi nyumbani akauliza, akaja kuwaambia mbele ya macho yenu. Ni nani mwingine kwenye meza hii ana mtu wa kumwuliza kule juu Jumamosi? Mkimfukuza yeye, mtabaki na mtandao mbovu.”

Yule mwanamke aliichukua kalamu yake, akaigeuza, akairudisha. Kisha akanishangaza. “Ungewapanga vipi wewe?” akauliza.

“Nyanya na wajukuu,” nikasema. “Hapo hakuna ukuta, hapo kuna matusi.”

“Matusi?”

“Ya mapenzi. Mtu akichekwa na asiyemwonea haya, hujifunza upesi. Na wenye nyumba, waliooa na walioolewa, wakae na wenzao wa rika, wanaume kwao, wanawake kwao. Mkwe asimwone mkwe. Haidhuru kama mmoja ni wa Manga na mwingine ni wa Magwagwa.”

Mjukuu wangu alikuwa ameshasimama ubaoni kabla sijamaliza. Alichora makundi, wenzake wakaongeza, mmoja akasema video ionyeshe mikono tu, uso si lazima. Yule wa Pwani akasema ndiyo, uso wa nini? Mwanamke mkavu akauliza mche huchukua muda gani kuchipua. Wakamwambia kama mwezi. Akaifungua shajara yake.

“Wiki sita,” akasema. “Ikichipua na watu wakamaliza, kiti ni chenu.”

Kundi jipya lilianza kupiga kelele siku ile ile. Tulikuwa manyanya saba na vijana kadha wa kadha ambao sikuwajua na hawakunijua. Nilituma video yangu, mikono tu. Kabla sijanawa, ujumbe wa sauti ukaingia, wa msichana msusi wa nywele kule Magwagwa.

“Nyanya, hicho kijiti umekichonga au umekitafuna?”

“Nimekitafuna kwa meno yangu mwenyewe,” nikamjibu. “Wewe yako yatakufikisha umri huu?”

“Yatafika, na bado nitakushinda kufunga. Nyanya, kata mara moja, usirudierudie. Halafu mbona kijiti umekiweka katikati?”

“Ndiyo unadhifu.”

“Si mshono huo! Mche wako ni mnene, kijiti chembamba. Ukikiweka katikati, maganda hayagusani popote. Kisogeze upande mmoja, ganda liguse ganda, hata kikionekana kimepinda.”

Nilikaa pale kwenye gunia nikiitazama kazi yangu. Miche yangu yote iliyokauka nilikuwa nimeiua kwa mazoea ya makasi ya dukani. Miaka ya kunyoosha vitambaa ilinifundisha kwamba kitu kizuri hukaa katikati, nami nikakiweka kila kijiti katikati kama mstari wa mshono, nikakifunga vizuri, kikafa vizuri. Mkwe wangu asingeweza kuniambia hilo kamwe. Msusi wa Magwagwa aliniambia kabla chai haijachemka.

Nikaunganisha upya miche kumi na miwili, vijiti vyote vimepinda kama walevi. Jirani yangu aliunganisha sita. Mbuzi wake akala miwili, naye akaituma video ya yule mbuzi akitafuna, akasema kwa Ekegusii kwamba huyu naye amejiandikisha, mmpe cheti. Vijana walimcheka siku tatu. Alijibu kila mmoja kwa zamu, na katika kujibu nikagundua kwamba amelijua somo lote la tatu kwa kichwa.

Mjukuu wangu alipiga simu kila siku.

“Imechipua?”

“Haina injini.”

“Na leo?”

“Niulize kama mimi mwenyewe nimechipua.”

Lakini alikuwa hachezi, na mimi nilijua. Wiki ya nne ikaisha, hakuna kitu. Nilikuwa nikienda kuitazama miche asubuhi kabla ya kukamua, na nikimaliza kukamua nairudia. Katikati ya wiki ya tano nikaona, kwenye utepe wa nailoni, nukta ya kijani imetoboa, ndogo kama mdomo wa kifaranga. Nikapiga picha. Vidole vyangu vilikuwa na maziwa na picha ilitoka na ukungu, lakini nukta ilionekana. Nikaituma kwa kundi bila neno.

“Aaaah, nyanya!” akapiga kelele yule wa Magwagwa. “Mtafunaji wetu!”

Kabla ya saa sita mchana picha zilikuwa zimejaa simu mpaka ikazima. Ya jirani ilichipua siku ya pili yake. Katika miche yangu kumi na miwili, tisa ilishika. Na habari za kundi la wanaume wenye nyumba zilikuja kwa binti yangu wa ng'ambo ya bonde, alinipigia akaniambia, “Mume wangu anasema nikuambie yake imechipua kumi.”

“Mwambie nimefurahi,” nikasema. Nikamaliza kuzungumza, nikacheka peke yangu. Kumi! Alijuaje kwamba yangu ni tisa?

Vyeti vilitolewa chuoni, katika ukumbi. Waliokuja walijaza viti, wengine wakasimama kando ya ukuta, na wengi wao walikuwa wale wale wa amina. Manyanya tulikaa kushoto. Mkwe wangu alikaa kulia, mbali, karibu na mlango. Jina langu lilipoitwa nilipanda jukwaani kwa magoti yangu mabaya, na yule wa Pwani akashuka ngazi mbili kunipa mkono. Nilipogeuka na karatasi yangu, cheti cha kwanza maishani, nilimwona mkwe wangu amesimama, anapiga makofi kuliko mtu yeyote ukumbini, uso ameuelekeza dirishani.

Tangazo lilisomwa na yule mwanamke mkavu mwenyewe. Akasema kuanzia sasa wanafunzi watakaa kwenye meza ya kutunga kozi zote, tangu siku ya kwanza. Na kitaongezwa kiti kimoja cha mtu anayesoma, kutoka kijijini. Akanitafuta kwa macho. “Wanafunzi wamekipa jina,” akasema. “Kiti cha magokoro.”

Mjukuu wangu alikuwa amesimama nyuma yake na wenzake watano. Hakulia. Aliniinulia kidevu, vile marehemu mzee wangu alivyokuwa akifanya akishinda mabishano.

Jumamosi iliyofuata akapanda mlima na fomu ya kozi mpya, ya kufuga nyuki. Nilipokea chai mkononi mwake, maana siku hiyo aliipika yeye, na maziwa.

“Soma, mke mwenza. Tumeibadilisha.”

Nikavaa miwani. Pale palipokuwa na jina la baba, sasa paliandikwa jina la mzazi, yeyote umpendaye. Na chini yake palikuwa na swali jipya: andika watu ambao huwezi kukaa nao kundi moja. Hapakuwa na neno la kueleza kwa nini. Mtu wa kwetu angeelewa, na asiye wa kwetu angeacha wazi.

Nikachukua kalamu. Nikamwandika mkwe wangu wa ng'ambo ya bonde. Nikamwandika mkwe wa pili, na wa tatu. Nikawaandika ndugu zao, na baba wa mke wa mwanangu. Mistari ikaisha.

“Fomu yenu ni fupi,” nikamwambia.

Akainyakua, akaiangalia, akatoa kalamu yake nyuma ya sikio na kuandika kitu pembeni mwa karatasi.

“Tutairefusha,” akasema.